Mzee Aliyekuja Kuzuia Windows Mpya

Wewe cheka tu. Kila ninayemsimulia hucheka kwanza, halafu ananiuliza kama siku ile nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula, tena ndizi na nyama, na ilikuwa saa nane mchana, jua linawaka. Mzee yule nilimwona kwa macho yangu haya mawili.

Nilikuwa na kibanda cha kuchapa pale mtaa wa Pasua, jirani na mashine ya kusaga. Barua, maombi ya kazi, ratiba za misiba, vyote nilichapa mimi, kwa kompyuta moja niliyoinunua imeshatumika. Ilinitesa, jamani! Ukiiwasha asubuhi unafagia, unapiga deki, unakunywa chai, ndipo inaamka. Halafu zikaja hizi flashi. Kila mteja na flashi yake shingoni, mashine yangu haizitambui. Mteja anasonya, anavuka barabara kwa mwenzangu.

Fundi Eli kila akipita wimbo ni uleule: "Dada, piga Windows mpya." Namuuliza, mashine itaimudu? "Itaimudu, ila lazima tufute kila kitu, nafasi ni ndogo." Miezi mitatu nimekaa na hilo. Nipige, nisipige? Nikipiga ikagoma kabisa, nitakula wapi? Mwishowe nikachoka, nikamwambia aje Jumanne saa tisa.

Jumanne hiyo, saa nane, akaingia mzee. Koti zito la kijani kwenye joto lile, na mkononi jani la isale, bichi, lina umande. Umande, mchana, Pasua! Nikamwamkia, "Shikamoo baba." Akaliweka isale juu ya kibodi, akasema, "Mwanangu, nakuomba usifute. Maneno yangu yamo humo."

Kama hujui, kwetu Wachagga mtu akikuletea isale amekuja kuomba, na humkatalii hata kama amekuchomea nyumba. Nilijua hivyo tangu utotoni. Lakini nani alimwambia kwamba nafuta? Nikadhani Eli ndiye karopoka huko.

"Jina lako nani baba, nikutafutie?"

"Umenichapia mwenyewe, halafu unaniuliza jina?"

Hapo hasira zikanipanda. Mafaili yangu niliyaita barua moja, barua mbili, barua mpya, barua mpya kabisa, mpaka yakapita mia. Nikaanza kufungua moja moja. Kufika la nne, mashine ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, tukasubiri. Kiti hataki, maji hataki, kasimama tu anaitazama skrini. Mimi nimeshajaa hadi hapa. Nikalichukua jani nikaliweka dirishani, ili mradi aondoke.

"Umepokea?" akaniuliza.

"Nimepokea, baba. Nenda salama."

Kugeuka, hayupo. Nikatoka nje. Akina mama walikuwa wamepanga foleni ya kusaga, wote wameuelekea mlango wangu, na hakuna aliyemwona mzee akiingia wala akitoka. Niamini, niliwauliza mmoja mmoja.

Saa tisa Eli akafika. "Dada, kuna cha kuhifadhi?" Nikaitazama mashine, bado inajikokota kuwaka. Nikasema, "Futa vyote."

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja kutoka Kirua Vunjo, jina lake Anna. Ndoa yake ilivunjika zamani, akarudi kwao, na baba yake akampa sehemu ya kihamba, lile shamba la ukoo ambamo sisi huishi na kuzikwa. Akaniambia kwamba miaka miwili nyuma huyo baba alikuja kwangu nimchapie wosia: Anna asifukuzwe, akae pale mpaka afe. Wino wa printa ukawa umeisha, nikamwambia arudi kesho. Akaugua usiku uleule, hakurudi tena, wakamzika. "Sasa kaka zangu wanataka nitoke. Jumamosi ukoo unakaa. Naomba ile karatasi ya baba."

Nikamuuliza baba yake alikuwa akivaa nini. "Koti la kijani. Tulimzika nalo."

Yeleuwi! Nikakaa chini sakafuni.

Nikamweleza yote, mpaka lile jani. Hakunitukana, na heri angenitukana. Aliuliza kitu kimoja tu: "Basi unakumbuka alisemaje? Njoo uwaambie ukoo kwa mdomo wako."

Sikumbuki. Chuoni tulifundishwa kwamba mpiga chapa hasomi, anapiga tu. Mzee wa watu alikaa mbele yangu akinitajia maneno yake ya mwisho, moja baada ya jingine, nami nikayapiga yote bila kukosea herufi, wala sikusikia hata moja. Jumamosi nilikwenda Kirua. Wazee wakaniuliza, nikabaki nimesimama pale nalia kama mjinga.

Kihamba wakamnyang'anya. Siku hizi Anna amepanga chumba Rau, na tukikutana sokoni ananisalimia vizuri, anawaulizia na watoto wangu. Kompyuta? Inakwenda vizuri sana, flashi zote inasoma.

Kwa hiyo nawe, kabla hujamwambia fundi afute, fungua usome, faili moja moja, hata mashine igande mara mia. Mimi nilishindwa kusubiri dakika kumi, na mtoto wa watu leo hana pa kuzikwa.