Mikono Miwili ya Kushoto

Kiwandani tulimwita Kushoto. Kila shati lililopita kwenye laini yetu lilishonwa mkono wa kushoto kwake, kisha likasogezwa kwangu nishone wa kulia. Hiyo ndiyo kazi tuliyokwenda kuifanya mwisho wa dunia: yeye mkono mmoja, mimi mkono mmoja, na msimamizi nyuma yetu akitupumulia shingoni. Tulilala bweni moja, tuligombania dirisha kila Jumapili, na nilimpenda kama ndugu ingawa ana kichwa kigumu kuliko meza ya kukatia.

Kwa hiyo binti yake alipopata mchumba na harusi ikapangwa, nilijitolea bila kuombwa.

"Mwenzangu, gauni lina mikono miwili. Wa kulia niachie mimi."

"Sitaki," alisema. "Huyu mtoto amelishwa na mdogo wangu, amepelekwa shule na mdogo wangu, ameuguzwa na mdogo wangu. Hii nguo hagusi mtu mwingine."

Kushoto alimwacha binti akiwa bado hajaanza shule. Mama mdogo ndiye aliyeitwa mama mle ndani. Kushoto aliitwa mama wa simu. Alinisimulia hilo akicheka, lakini hofu yake naijua: afike harusini awekwe nyuma na majirani, apige makofi kama wao, arudi zake. Gauni ndilo lingemsemea. Akashona kila siku ya mapumziko, amenipa mgongo nisione.

Tulirudi nyumbani kwa tiketi za bei ya chini kabisa, viti vya mkiani, jirani na choo. Mimi dirishani, yeye katikati, na kiti cha kando ya ujia bonge la mtu aliyeanza kukoroma kabla hatujaacha ardhi. Gauni alilipakata ndani ya mfuko wake. Mhudumu alitaka kuliweka juu. Kushoto akamkodolea macho mpaka yule dada akaona yaishe.

Nje kulikuwa mchana, lakini walituamuru tushushe vifuniko vya madirisha, tukabaki gizani kama viazi ndani ya gunia. Kiti cha mbele kililazwa hadi kikanikaribia pua. Magoti hayakuwa na pa kwenda. Kwenye kioo kidogo mbele yangu kulikuwa na ramani na kindege juu yake. Nikisinzia na kuamka, kindege kipo juu ya milima ile ile. Asia ni kubwa, mtu asikudanganye.

Ndipo nikamsikia Kushoto ameacha kupumua. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko, unapapasa.

"Vifungo," alisema.

"Vimefanya nini?"

"Vya mkono huu vinatazama nje. Vya huu vinatazama tumboni."

Nikaingiza wa kwangu. Vidole hivi vimeshona mikono ya kulia mpaka vimeota sugu, havihitaji taa. Kilichoshonwa kwenye bega la kulia hakikuwa mkono wa kulia. Alikuwa ameikata yote miwili kwa karatasi ile ile ya kipimo bila kuigeuza, kisha akashona anachokijua: kushoto, halafu kushoto tena. Kwapa lilikuwa limekunjamana vibaya. Na satini yenyewe inang'aa upande mmoja tu, kwa hiyo hata kuugeuza ndani nje haikuwezekana.

Nilitaka kucheka, Mungu anisamehe. Nilipomtazama usoni, kicheko kikanikauka.

Akataka kufumua pale pale. Mkasi wake ulichukuliwa na wakaguzi uwanjani, basi akaanza kuvuta uzi kwa meno. Nikamshika.

"Ukifumua utaweka nini? Kitambaa kimekwisha, na tukitua tunakwenda moja kwa moja ukumbini. Mwache mwanao avae bila mikono kabisa. Tukifika tunaikata yote miwili. Maharusi wengi siku hizi mabega wazi."

"Najua kushona kitu kimoja tu," alisema. "Nikikikata, nimemletea nini?"

Akafungua mkanda, akasimama nusu, kichwa kikagonga kabati la mizigo. Bonge hakuamka. Ndege ikaanza kutikisika, taa ya mkanda ikawaka, mhudumu akamrudisha kitini kwa ishara ya kidole. Nimeishi vyumba vibaya maishani, lakini sijaona mtu aliyefungiwa namna ile, kosa lake amelipakata na hawezi hata kunyoosha mguu. Alisema atadanganya kwamba gauni limepotea na mizigo. Baadaye akasema hatashuka. Nilimshika goti kuvuka milima, jangwa na bahari, mpaka mkono ukafa ganzi.

Kwenye chumba cha kuvalia, binti, mrefu kutupita sote, alisema "Shikamoo, mama" kwa adabu ile anayopewa mgeni. Kushoto akatoa gauni na kusema kabla halijavaliwa: "Mwanangu, nimelikosea. Mkono wa kulia ni wa kushoto. Ukilikataa sitakulaumu."

Binti akalivaa. Alipoinua mkono wa kulia, kitambaa kilizunguka na begani kukachomoza nundu. Mama mdogo akaleta pini, pini zikatoka.

"Ulishona mwenyewe?" binti akauliza. "Lote?"

"Lote."

Binti akakivuta kitambaa nyuma ya kiwiko, nundu ikalala. Akaachia, ikarudi. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyepangiwa kusimama naye, akasogea. "Nitakushikia mimi."

"Hapana, wewe kaa huku kushoto," binti alimwambia taratibu. "Huku ashike aliyeushona." Kisha akamgeukia mwenzangu. "Mama, shika hapa. Usiniachie."

Hakumwachia. Alishika kile kitambaa wakati wa viapo, wakati wa picha, hata wakati wa kula, na nilipompelekea kiti alikisukuma kwa mguu. Jirani mmoja aliyekaa nami nyuma aliniuliza yule mwanamke aliyemng'ang'ania bibi harusi ni nani. Nikamwambia ni mama yake.