Upepo Mkali wa Alasiri Ulikotoka

Wenzake pale kwenye kampuni ya misitu walimwita Shemeji wa Upepo. Walisema anajua siri zote za upepo, ila upepo wenyewe haumsikilizi. Alicheka nao. Alikuwa mwanamke mwoga wa kuzaliwa, mtu wa kufunga mlango kisha kurudi kuusukuma aone kama kweli umefungika, na huenda ndiyo maana alikabidhiwa kituo cha hali ya hewa: nguzo yenye vikombe vya kuzunguka vya kupima kasi na kishale cha kuonyesha upepo unakotoka, na kompyuta iliyopokea vipimo vyake kila dakika.

Kiangazi kikikolea, kikosi cha moto kilichoma nyasi kavu pembezoni mwa msitu, ili moto wa bahati mbaya ukija ukose cha kula. Aliyekiongoza kikosi alikuwa mdogo wake wa kiume, tumbo moja. Kabla ya kuchoma, dada mtu humpa taarifa ya upepo. Safari hii aliandika kwamba upepo mkali unatoka mashariki. Basi cheche zingekwenda mtoni, mbali na nyumba za wafanyakazi.

Siku yenyewe, baada ya chakula cha mchana, karatasi zikapeperuka ghafla kutoka mezani kwake hadi mlangoni. Aliinama kuziokota, akasita. Dirisha lililokuwa wazi lilitazama magharibi.

Akarudi kwenye kompyuta. Jedwali la programu lilionyesha kasi kubwa kuliko zote za siku, na ubavuni mwake mwelekeo. Miaka yote alizisoma namba hizo mbili kama mume na mke. Sasa akafungua vipimo vya dakika moja moja, akaitafuta dakika ambayo upepo wa jana ulifika kilele, akaangalia kishale kilisomaje dakika hiyohiyo. Magharibi. Akafungua juzi. Magharibi.

Kumbe mwelekeo wa kwenye jedwali ulikuwa wastani wa siku nzima. Upepo mpole wa mashariki, uliovuma tangu asubuhi, ulikuwa umeufunika ule wa alasiri, mfupi na mkali, uliokwenda moja kwa moja kwenye nyumba za watu.

Akampigia mdogo wake. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Dada, tumeshawasha," akasema yule. "Huku upepo umelala kabisa."

"Utaamka, na utatokea magharibi. Zima."

"Si umeandika mwenyewe mashariki?"

"Nimekosea. Nakuomba, mdogo wangu, zima moto na uwatoe watu majumbani."

Alisikia nyasi zikitatarika.

"Haya," akasema, na simu ikakatika.

Alitoka mbio, kiatu kimoja kikamvuka njiani asigeuke. Alipofika, wanaume walikuwa wanapiga moto kwa matawi mabichi na wanawake wanatoka na watoto mgongoni. Sehemu kubwa ilikuwa imezimwa. Ndipo upepo ukaja. Moshi uliokuwa umesimama wima ukalala chini kama uliosukumwa, na kipande kilichobaki kikalipuka, kikaruka barabara, kikashika banda la kuni la nyumba ya kwanza. Hakumwona mdogo wake. Aliita jina lake.

Banda liliteketea. Nyumba ilipona, kwa kuwa watu walikuwa wameshaanza kuimwagia maji. Mdogo wake alijitokeza kwenye moshi akikohoa, nyusi zimeungua.

"Dada, umepoteza kiatu," akasema.

Dada akamshika mkono, asiuachie.

Kesho yake alimweleza meneja kila kitu. Wakaitwa mafundi wa programu, wakaongeza safu ya mwelekeo wa dakika ileile ya upepo mkali kuliko yote. Hofu haikupata fundi. Mpaka leo, mdogo wake akipiga simu kuuliza kama wachome, humwambia asubiri kidogo, akafungua zile dakika moja moja na kuzisoma mwenyewe.