Moto wa Maboksi ya Betri

Masika ile kuni zililowa, hata zile tulizozipanga darini. Mama alikuwa akiuza vitumbua kwa madereva na vibarua wa barabara pale Zinga, na kitumbua kinataka moto wa kweli. Ukizubaa, kinakunywa mafuta na kutoka kizito, hakuna anayekinunua mara ya pili. Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge upande wa Tanga. Tulikuwa tukiishi kwa kikaango kile: mama, bibi mzaa baba, mimi niliyekuwa nimeanza kufunga kanga, na mdogo wangu wa kike, mtoto wa miaka mitatu.

Ndipo mjomba, mdogo wake mama, alipotuletea maboksi. Alikuwa kibarua kwenye gereji moja Dar es Salaam, ambako malori yaliyoachwa na jeshi baada ya vita yalikuwa yakivunjwa. Betri zilipasuliwa, risasi ya ndani, yale madini mazito, ikatolewa ikayeyushwe, na yale maboksi meusi yakatupwa nyuma ya ukuta. Mjomba aliyatia kwenye gunia, akapanda nalo lori, akatushushia mlangoni.

"Dada, jaribu haya," alisema. "Haya hayataki kupulizwa."

Kweli hayakutaka. Kipande kimoja kilishika moto kama kimemwagiwa mafuta ya taa, kikawaka mpaka vitumbua vyote vikaisha. Moshi wake ulikuwa mweusi, una harufu ya mpira na ukali fulani uliokaa kooni, lakini mama alikuwa anacheka, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu mvua zianze. Akampelekea jirani yetu, bibi mmoja mjane, maboksi matatu.

Kila baada ya wiki mbili gunia jingine likaja. Mvua ikinyesha tulifunga mlango wa jiko, na moshi ukabaki humo pamoja na mama. Mimi nilikuwa barabarani nikiuza. Mdogo wangu hakutoka ubavuni mwake. Alichota majivu, akayakanda kwa maji akijifanya anapika, kisha akalamba vidole. Hakuna aliyemkataza. Nani alijua kuwa majivu yanaweza kudhuru mtu?

Kwanza aliacha kula. Akawa mnyonge, analia bila sababu, akishikwa na tumbo anajikunja kama kamba. Mama naye tumbo likamfunga; siku nne, siku tano hapati choo, na usoni akapauka kama aliyetoka arubaini. Bibi alisema ni mchango wa tumbo, akachemsha mizizi. Mwalimu wa chuo cha Kurani akatuandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji, tukawanywesha wote wawili. Palikuwa na nafuu ya siku mbili, kisha yakarudi maumivu yaleyale.

Asubuhi moja mama alinyanyua kikaango, na mkono wa kulia ukamlegea kwenye kifundo. Mafuta ya moto yalimwagika hatua moja kutoka alipokaa mtoto. Mama alibaki anautazama mkono wake. Aliweza kukunja vidole, lakini kiganja kilining'inia, hakiinuki.

"Kanda maji ya moto," bibi alisema. "Umeuchosha."

Siku ya tatu yake, mdogo wangu akakakamaa. Macho yalipinduka, meno yakaumana, mwili mzima ukarukaruka mikononi mwangu. Bibi alimfunika kaniki akaanza kusoma dua. Degedege lilipomwacha alilala kama aliyekufa, na mama akasema, "Naenda naye Bagamoyo hospitali."

"Degedege halipigwi sindano," bibi alimjibu. "Ukimpeleka huko utarudi na maiti."

"Na nikikaa hapa, mama?"

Bibi alitugeuzia mgongo. Mama alimkosea mama mkwe wake siku ile kwa mara ya kwanza, nami nilimbeba mtoto kwa kuwa yeye mkono haukumtii. Tulipata lori la mbao. Lilikwama kwenye matope mara mbili, na mara ya pili, abiria walipokuwa wakisukuma, degedege likarudi. Mama alikuwa akiita tu, "Ya Rabi, ya Rabi," huku akimpepea kwa ncha ya kanga.

Hospitalini alitupokea dresa mmoja, msaidizi wa daktari, mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo," mama alisema.

"Marahaba. Mlaze hapa."

Alimchoma sindano kabla sijajua anafanya nini. Nilifumba macho nikingoja kifo alichokisema bibi. Nilipofumbua, mtoto alikuwa amelegea, anahema. Dresa alimgeukia mama, akautazama ule mkono, akamwambia afungue mdomo. Akauinua mdomo wa juu kwa kidole. Kwenye ufizi, pale unapokutana na meno, palikuwa na mstari wa buluu iliyoiva, mwembamba kama uliochorwa kwa kalamu.

"Nimewahi kuuona huu," alisema polepole, "kwa fundi aliyekuwa akiyeyusha risasi. Nyumbani kwenu mnayeyusha risasi?"

"Hapana."

"Mnapaka rangi? Mnakaa karibu na karakana?"

"Hapana, baba. Mimi mpika vitumbua."

"Mnapikia nini?"

"Kuni," mama alisema haraka, na kwa ule mkono wake mzima akanifinya pajani.

Nilielewa. Maboksi hayakuwa yetu. Mjomba hakuwa ameomba ruhusa kwa mtu, na mwaka uleule mwenzake wa gereji alikuwa ametiwa jela kwa kuiba bomba la shaba. Nilimtazama mama. Kisha nikamtazama mdogo wangu, povu limemkaukia shavuni.

"Tunachoma maboksi ya betri," nilisema.

Mama aliniachia paja. Hakunitazama.

Dresa alivua miwani. "Mimi si askari, mama," alisema. "Sitaki kujua yametoka wapi. Nataka yasichomwe tena, hata moja. Risasi imebaki humo. Mmeivuta kwa moshi, na mtoto ameila kwa majivu." Kisha akaniuliza kama kuna mwingine mwenye maboksi hayo, na hapo ndipo nilipomkumbuka jirani.

Nilirudi Zinga peke yangu siku ileile, nimesimama nyuma ya lori, nikihesabu ni mara ngapi yule bibi hupika kwa siku. Nilimkuta uani.

"Mama yako alinipa kwa mkono wake," alisema kwa hasira, "leo anamtuma mtoto aje kunipokonya?"

Nilishindwa kumweleza, nikalia. Ndipo akanionyesha. Harufu ya moshi ilikuwa imemchukiza siku ya kwanza, kwa hiyo hakuyachoma. Aliyatia maji ya kuku. "Na kuku wenyewe wamekufa watatu," alisema, akakaa chini kwenye kizingiti. Tulichimba shimo refu pamoja, tukazika maboksi, na majivu ya jikoni kwetu, na udongo uliokuwa chini ya mafiga.

Mama na mdogo wangu walilazwa wiki sita. Walipewa maziwa na chumvi ya haluli ya kulainisha choo, na sindano nyingine nisizozijua. Mjomba alipoambiwa alikwenda Bagamoyo kwa miguu, kwa vile siku ile hakukuwa na lori, akakaa nje ya dirisha lao asithubutu kuingia mpaka mama alipomwita kwa jina la utotoni. Aliacha kazi ya gereji. Bibi naye alikuja siku nyingine, na uji kwenye kidumu.

Mkono wa mama ulirudi polepole, mwaka mzima ukapita kabla hajaweza kugeuza kitumbua. Mdogo wangu alipona degedege. Lakini chuoni, wenzake walipokuwa wamefika juzuu ya pili, yeye alikuwa bado anaisahau herufi ya alifu aliyofundishwa asubuhi. Mwalimu alimchapa mara moja tu. Mama alikwenda huko mwenyewe, akamwambia mbele ya watoto wote, "Huyu usimguse. Hajakataa kusoma." Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyemfundisha nyumbani, aya moja kwa mwezi, na mpaka anaolewa alikuwa amehifadhi sura fupi za kutosha kuswalia.