Shahidi ya Ukoo ya Chui

Bandugu, haya yangu nitaisema mie mwenyewe, ju ikisemwa na bajirani ba Katuba bataongeza chumvi, na chumvi iko tayari ya kutosha: mie, mama ya mutoto, mwenye nilisoma kwa bamamère ba misioni mpaka kelasi ya mwisho, niliitwa mwizi ndani ya nyumba yangu, mbele ya muzungu, na ule mwenye kuniita vile ni mie nilienda kumutafuta na miguu yangu.

Bwana yangu Léonard, karani, mutoto ya bantu ba treni ba kule kaskazini, muntu ya chapelet ya sala na ya suruali yenye pasi, alikuwa anaomba karte ya mérite, ile serikali inapatia muntu mweusi mwenye kuishi kama muzungu. Munaijua. Ukiwa nayo, polisi hakusimamishe mangaribi ku mujini ya bazungu kukuuliza karatasi ya patron, bwana ya kazi. Léonard alichoka kuitwa « wee boy » mbele ya mutoto wake, njo ile tu alikuwa anatafuta. Lakini mbele ya kukupa karte, banatuma muntu aangalie kama munakula ku meza, kama choo iko na mufuniko, kama bibi anajua kuongea (Kifaransa yangu inapita ya bapolisi babo bote). Na banaangalia kama bwana ao bibi aliisha kuingia ku buloko, kufungwa.

Mie niliingia.

Musishituke. Nilikuwa musichana wa masomo, tulikuwa tunaikala kule cité Albert, na ile cité Albert, we, sitaona tena ingine kama ile: siku ya Mungu gramofoni iko inaimba ku mulango ya mushonaji, sisi basichana tumeshikana mikono tunajaza avenue yote, kamyo ya samaki ya Kasenga ikipita kila mama anatoka na beseni, na moshi ya usine ya shaba ikigeuka upande yetu tunakohoa tunacheka. Ata kilio ilikuwa tamu. Kwetu, bantu ba Luapula, kila ukoo iko na banungwe bake, batani ba kutukanana nabo. Mie niko wa ukoo ya Mbuzi, na banungwe betu ni ba ukoo ya Chui. Chui anakula mbuzi, na mbuzi hasahau. Muntu ya Chui akikufwa, sisi ba Mbuzi hatulie: tunatukana mufu, tunaiba chungu ku moto, tunavaa manguo yake tunatembea kama yeye, mpaka benye kulia banacheka na kamasi ku pua. Njo heshima. Usipoiba, banasema haukumupenda mufu.

Sasa Muzee Mwansa, kaka ya Mama Chola, jirani yetu wa ukoo ya Chui, alikufwa, na mie nilichukua kofia yake (ile ya kahawia, alikuwa anaivaa ata mu kanisa, mupe wa misa alichoka kumugombeza), nikaitia ku kichwa, nikatoka ku avenue nachechemea kama yeye, banamama nyuma yangu banakufwa na kicheko. Polisi moja, mugeni, wa kutoka mbali, hakujua desturi yetu. Akasikia ba Chui banaita « mwizi! mwizi! », akanikamata. Mama Chola alinifuata mwenyewe kuniombea, alicheka mpaka akaikala chini, na balinitosha ku buloko mbele ya jua kushuka. Lakini komisere ya polisi alikuwa amekwisha kuandika: aliiba ku nyumba ya mufu.

Mie nilisahau. Bo, ba serikali, hapana.

Basi muzungu wa karte akafika, kijana, musafi, na Kiswahili yake nzuri (njo ile Kiswahili ilituua). Alikunywa kahawa, akaangalia jikoni, akasifu pazia. Kisha akasema polepole:

« Madame, inaonekana uliiba ku fasi ya kilio. »

« Bwana, ilikuwa desturi. »

« Desturi ya kuiba? »

Alikuwa anatabasamu, bandugu! Ingepita! Ata Léonard alinigusa mukono: « Berna, acha, nitamueleza mie. » Lakini mie na kichwa yangu ya bamamère, nikasimama: « Hapana! Dada ya mwenye kofia anaikala sasa hapa ngambo. Nitamuita, aseme yeye. »

Nikakimbia bila viatu, mutoto ku mugongo. Mama Chola alikuwa anapaa samaki.

« Mama, muzungu anasema niko mwizi. Kuya umuambie kweli. »

« Nakuya, mutoto ya mbuzi. »

Nilisikia ile « mutoto ya mbuzi » na sikuwaza kintu! Alinawa mikono, akafunga kitenge yake ya misa, na mie nilitembea mbele yake kama muntu mwenye alishinda kesi.

« Mama, unamujua huyu? » muzungu akauliza.

« Sana. »

« Aliiba kofia ya kaka yako? »

Mama Chola aliniangalia kutoka kichwa mpaka miguu.

« Kofia tu? Aliiba kofia, aliiba chungu, na kaka yangu njo yeye alimumaliza! Ba Mbuzi bote ni bezi! Mama yake mwizi! Ata ule ku mugongo, angalia vidole vyake, eko anajifunza! »

Bajirani baliisha kujaa ku dirisha, kicheko kama ya ngoma. Na mie nilipashwa kunyamaza, lakini kinywa iko na malezi yake, ikajibu yenyewe:

« Wee Chui ya meno ya kuoza! Kaka yako uchoyo njo ilimuua, na wewe tutakuzika kichwa chini! »

Akanyakua sukari na fourchette zangu zote, uma za bageni, ku meza (ni haki yake), akatoka. Nikamufuata, tukavutana mu lupango, inje ya nyumba, mutoto analia, avenue yote inapiga mikono. Léonard anasema: « Bwana, banacheza, ni mchezo tu », na sauti ya muntu mwenye kuzama. Muzungu akapita kati yetu, ameshika kofia yake na mikono mbili.

Karte hatukupata. Léonard alirudia kutembea na karatasi ya patron.

Kesho yake asubui Mama Chola alirudisha fourchette, zimeoshwa, na samaki ya kukaushwa juu. Nikamulalamikia: « Mama, nilikuomba kweli! » Mara hii hakucheka.

« Berna, kweli gani? Niseme mbele ya mugeni kama wee hauko mwizi wangu? Basi siku nitakufwa, nani atakuya kuniiba? »

Ile samaki niliila na hasira, na hasira ingali: kwa ule polisi, kwa bale benye kuandika mambo yenye habajui, kwa mama huyu, kwa kinywa yangu. Niliapa: muzungu akiniuliza tena, nitaita adui yangu kuwa shahidi, ule angalau atachunga maneno. Na Mama Chola, Mungu amuache na sisi myaka mingi. Lakini siku yake ikifika, bapolisi ba Katuba bote bakuye basimame ku mulango: nitaiba.