Lugha Iliyovaa Nguo za Nyumbani

Ni asubuhi, ofisi bado inanukia sabuni ya sakafu. Mama mmoja anavaa visikizio, anasikiliza, anaandika neno kwenye kompyuta: hawajanipikia. Kisha analikata. Ha, wa, ja, ni, pik, i, a. Vipande saba. Anashusha pumzi, anahamia neno linalofuata.

"Watu wakiniuliza kazi yangu, nasema nakata maneno," anacheka. "Wananionea huruma, wanadhani nimekosa kazi."

Kazini wanamwita Mama Vipande. Chumbani mwao kila meza ina lugha yake. Kila mkataji hugawa maneno, huhesabu vipande, kisha hutafuta wastani wa vipande kwa neno. Wastani ukiwa mkubwa, maneno ya lugha hiyo yamebeba mzigo mzito. Hivyo ndivyo lugha zinavyolinganishwa.

Mwezi uliopita lugha yake ilishika nafasi ya pili. Wenzake wakampigia makofi. Msimamizi wao, mwanamke asiyeinua sauti, hakupiga. Alivuta kiti akakaa karibu naye.

"Haya maneno umeyatoa wapi, mwenzangu?"

"Magazetini. Na hotuba kidogo."

Wengine wote walirekodi watu wakiongea majumbani, kama walivyoagizwa.

"Niliona aibu," anasema Mama Vipande, akichezea waya wa visikizio. "Kwetu tunaongea ovyo ovyo. Nikataka lugha yetu iende mbele za watu imevaa suti. Kumbe wenzangu zao wamezileta na nguo za nyumbani!"

"Umempima mtu urefu amesimama juu ya kiti," msimamizi alimwambia. Akampa wiki mbili alete mazungumzo ya kweli, ayakate upya. La sivyo, lugha yake ingetolewa kwenye ulinganisho.

Jioni hiyo aliweka kinasa sauti mezani, mbele ya mama mkwe wake. Bibi akajiweka sawa, akakohoa.

"Habari za jioni. Leo nitazungumzia umuhimu wa usafi."

"Mama, ongea tu kama kawaida."

"Kwani hapa naimba?"

Siku zikapita, hotuba tupu. Mpaka mjukuu alipomwaga maziwa.

"We! Umemwaga tena? Simama hapo hapo, usikanyage! Na mama yako huyo, amekaa na kidude chake anatutazama kama sinema. Lete kitambaa, mwanangu, unamngoja nani?"

Kinasa sauti kilikuwa kimewashwa. Aliposikilizishwa, bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi peleka. Si ndiyo sisi?" Tangu hapo akakisahau kabisa kile kidude; akanung'unika, akatania, akambembeleza mtoto alale.

Leo Mama Vipande anakata neno la mwisho. Wastani umeshuka, lugha yake sasa ni ya tano. Msimamizi anaisoma kazi taratibu, kisha anatikisa kichwa kukubali. Lugha inabaki.

Anampigia simu mama mkwe papo hapo, anamweleza.

"Kwa hiyo nimeishusha?" bibi anauliza, amenuna kidogo.

"Umeibakisha, mama."

Sasa anaomba meza moja zaidi, kwa lugha ya shangazi yake, ambayo katika ukoo wao imebaki kwa wazee tu na haijawahi kupimwa. Msimamizi amemwambia alete sampuli kwanza. Shangazi anakuja Jumapili.

"Nitamwomba ruhusa, nitawasha kinasa sauti," anasema, akikunja waya wake. "Halafu mimi naenda zangu jikoni, namwachia wajukuu."