Siku Sukari Iliposhuka

Sisimizi ndio waliojua kwanza. Kabla ya nesi, kabla ya mke, kabla ya Tharsisi mwenyewe aliyekuwa anakojoa kila saa kama mbuzi aliyelishwa chumvi, sisimizi walishajua.

Generosa aliwaona asubuhi moja ya mwezi wa tisa, mwaka 2013, alipokwenda kufagia nyuma ya bafu la matete. Mstari mweusi umetoka kichuguuni, umepita chini ya mihogo, umeishia pale pale mumewe anaposimama akiona uvivu wa kufika chooni. Wamejaa wanalamba udongo. Akawamwagia majivu. Kesho yake wako pale pale, wamekuja na ndugu zao.

"Baba Longinus, umeiba asali ukaimwaga bafuni, au kuna mtu katutupia kitu?"

"Asali niimwage? Mimi mwendawazimu?"

Huyo Tharsisi alikuwa mtu wa mizinga. Alikuwa nayo thelathini, ya magogo, kwenye miyombo ya Kitahana, na nyuki walikuwa hawamuumi. Labda walimzoea. Labda zamani walikuwa wanalewa kwa kumnusa. Maana alikuwa mlevi, hilo lisifichwe, na Generosa hakulificha hata siku moja. Siku walipomzika mama yake Generosa, mkwe huyu alikuja makaburini amejaa pombe ya ndizi mpaka shingoni, anachekacheka, akateleza kwenye udongo mbichi, mguu mmoja ukaingia kaburini. Watu walicheka msibani. Msibani! Tangu siku ile Tharsisi hakugusa pombe tena. Ikapita miaka tisa. Generosa hakumhesabia hata mmoja.

"Mlevi ni mlevi," alikuwa anasema. "Huyu amekauka tu, kama mto wa kiangazi. Mvua ikinyesha mtamwona."

Jirani yao alikuwa Esteri, mke wa Evaristi fundi baiskeli. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye akakulia kambi ya Mtabila kule Kasulu, akawa anasaidia wagonjwa kwenye zahanati ya kambi mpaka kambi ilipofungwa. Wenzake walirudishwa kwao. Yeye ndoa ndiyo iliyombakiza. Mdomo wake mpole, macho yake makali. Aliwaona wale sisimizi kupitia uani.

"Mama Longinus, majivu unayamaliza bure. Huo mkojo una sukari. Mpeleke mzee akapime."

"Sukari? Nyumba hii hata chai tunakunywa kavu. Hiyo sukari imeingia kwa mlango gani?"

"Inaingia, mama. Tuliwaona wengi."

"Ya kambini yaache kambini, binti. Huyu mume ni wangu, si wa mgao."

Basi Esteri akarudi kwenye kazi zake, na ugonjwa ukaendelea na yake. Tharsisi akawa anakunywa maji kama shimo la mchanga. Suruali akaifunga kwa kamba. Akasema miti anaiona ina moshi wakati hakuna moto. Kidole cha mguu alichojikwaa mwezi wa tisa kilikuwa bado kinatoa maji Krismasi, na hapo ndipo Longinus, mtoto wao wa kwanza, alipokuja kutoka Kasulu kusalimia, akamkuta baba yake amebaki pua na masikio. Hakuuliza mtu. Alimpakia kwenye pikipiki, mama yake akafuata kwa nyingine, mpaka hospitali, Kibondo.

Kule wakapokelewa na nesi mmoja, sista Aneth, mtu wa Moshi, serikali imemleta huku juu kwenye baridi. Mwema, ila Kiswahili chake kinakimbia kama kinafukuzwa. Akamchoma Tharsisi kidole, akaweka kitone cha damu kwenye kimashine. Kikaandika ishirini na sita.

"Inatakiwa iwe sita, saba," alisema Aneth. "Baba, umeingiaje humu ndani kwa miguu yako?"

Akapewa vidonge. Akaambiwa sukari basi, soda basi, na ugali upungue, mboga ziongezeke. Tharsisi akatii, maana kuogopa kufa alikuwa anaogopa. Chai kavu, uji kavu. Ila jioni anachota asali kijiko kizima.

"Ugonjwa wenyewe unaitwa sukari," alimwambia mkewe akilamba. "Hauitwi asali. Asali ni dawa ya wazee."

Na Generosa, mwerevu wa kijiji, akakubali. Tena alimchotea kwa mkono wake. Waliporudi hospitali mwezi uliofuata, kimashine kikaandika ishirini na tisa.

"Unakula nini, baba?"

"Asali tu kidogo, sista."

Aneth akaweka kalamu chini. "Asali ni sukari. Nyuki hana habari na ugonjwa wako." Kisha akamgeukia Generosa, maana alishaona mwenye nyumba ni nani. "Mama, sikia mambo mawili. La kwanza, vitamu vyote vifungie. La pili, hivi vidonge vinashusha. Asivimeze bila kula. Akisahau vya jana, asijumlishe na vya leo. Maana sukari ikishuka sana utamwona anatoka jasho, anatetemeka, anaongea ovyo kama amelewa. Ikishuka hivyo, mpe kitu kitamu upesi, hata hiyo asali. Umeelewa?"

"Nimeelewa, sista."

Uongo mtupu. Kiswahili kwa Generosa ni nguo ya kuendea mjini; nyumbani anavaa Kiha. Yale maneno yalimpita mbio, akadaka vipande: vifungie, ikishuka, mpe asali. Na kushuka anakokujua yeye ni kuzuri. Homa ikishuka, mtu amepona. Mto ukishuka, watu wanavuka. Sasa sukari ikishuka iwe nini, kama si kupona? Akatoka pale anajua kwamba siku mumewe atakapopona, sista karuhusu alambe. Angeuliza, angeambiwa. Lakini Generosa kuuliza ni sawa na kumwomba chumvi mke mwenza.

Alipofika nyumbani alitoa nguo kwenye sanduku la bati, akaingiza asali yote, akapiga kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kitenge chake. Jioni anamwambia mumewe, "Fungua mdomo ninuse," na mzee wa miaka sitini na mbili anaachama kama ndama. Watoto wa jirani wanacheka. Lakini ndani ya lile sanduku, kwenye kona, aliweka chupa moja ya asali nyeupe, safi, iliyochujwa mara mbili. Hiyo haiuzwi, hailiwi, ni ya siku sukari itakaposhuka. Ndivyo alivyokuwa anapenda, huyu mama. Kwa kufuli.

Na sukari ikawa inateremka kweli. Kumi na nne, kumi, nane. Kidole kikafunga. Sisimizi wakahama. Generosa akaanza kuingojea siku yake.

Siku ilikuja mwezi wa sita, 2014. Tharsisi aliamka anawahi mizinga, maana kurina asali kulikuwa kumekaribia. Akachukua pakiti ya vidonge.

"Jana nilisahau," alisema. "Leo nameza na vya jana."

"Subiri uji, hujala."

"Uji wako unachemka kama unakuja kwa miguu kutoka Kigoma. Nitakula nikirudi."

Generosa alimwona akimeza. Alimwona kwa macho yake akitoka na tumbo tupu. Akageuza kuni.

Saa tano akarudi. Generosa alikuwa uani anamenya muhogo. Shati la Tharsisi limelowa chapachapa, na mwezi wa sita huku upepo ni wa kuvaa koti. Kofia hana. Miguu inapishana, mkono unatafuta ukuta pasipo na ukuta. Na usoni ana kile kicheko, kicheko kile kile cha makaburini.

Generosa hakushtuka. Hilo ndilo baya. Aliridhika. Mtu aliyengojea mvua muda wote ule, leo imenyesha mbele yake.

"Karibu, bwana mkubwa. Imenyesha wapi leo?"

"Mpa… mpa ubhuki." Asali anaomba, kwa Kiha, ulimi mzito kama kiatu kilicholowa.

"Unasema?"

"Ubhuki. Fungua. We mama, fungua!"

Akamshika kitenge, akawa anautafuta ufunguo kwa vidole vinavyotetemeka. Generosa akampiga mkono kwa mpini wa kisu.

"Mlevi na mwizi kwa siku moja! Nenda kalale huko ulikonywea. Nilisema siku sukari ikishuka nitakupa. Leo hupati hata tone!"

Tharsisi akamtazama kama anamtazama mtu asiyemjua. Halafu akakaa chini polepole, kama aliyebeba mayai, akalala ubavu juu ya maganda ya muhogo. Generosa akampa kisogo. Akaendelea kumenya. Alimenya mihogo saba. Baadaye aliikuta imepangwa kwenye beseni, myeupe, akajua muda wake ulikuwa mrefu kiasi gani.

Kuku alikuja akadonoa pembeni ya mkono wa Tharsisi. Mkono haukumfukuza.

"Mama Longinus!" Ni Esteri, upande wa pili wa ua. "Mzee ana nini?"

"Amelewa."

"Amelewa wapi? Nimemwona asubuhi anakwenda porini. Huko porini kuna kilabu?"

"Kakojoe ulale, wewe."

Esteri hakulala. Alipenya kwenye ua, miiba ikamchana mkono, akapiga magoti. Akanusa kinywa cha Tharsisi. Akamgusa shingo: maji, tena baridi kama tumbo la chura.

"Hanuki pombe huyu. Amekula?"

"Hajala."

"Vidonge?"

"Vya leo na vya jana."

"Mawe!" akamwita mama yake kwa lugha ya kwao. "Sukari imeshuka!"

Generosa akasimama, kisu mkononi. "Imeshuka?" Na uso wake, Mungu amsamehe akitaka, uling'aa kidogo. "Si ndivyo tulitaka ishuke?"

"Ikishuka hivi inaua, mama! Hata kusema hawezi! Angeweza, angeomba kitu kitamu, na wewe ungempa! Asali iko wapi?"

Hapo ndipo maneno ya sista yalipomrudia Generosa, yote, polepole, kila neno na nafasi yake. Jasho. Kutetemeka. Kama amelewa. Upesi. Akashika pindo la kitenge. Fundo alilolikaza mwenyewe halikufunguka. Akalikata kwa kisu, kitambaa na ufunguo vikatoka pamoja. Akafungua sanduku, akaitoa ile chupa ya asali nyeupe ya kona, akaipeleka moja kwa moja kinywani kwa mumewe aimimine.

Esteri akamdaka mkono. "Usimimine! Hamezi, utamziba pumzi! Mwache alale ubavu hivyo hivyo."

Akachovya ncha ya kidole, akampaka ndani ya shavu, kidogo, akachovya tena, akapaka. Wakati huo huo anamwita mumewe kwa sauti ya kufukuza fisi. Evaristi akakimbia barabarani, akarudi na Abdalah wa bodaboda. Wakampakia: Abdalah mbele, Tharsisi katikati kama gunia, Esteri nyuma amemkumbatia. Hapakuwa na nafasi ya mke. Pikipiki ikaondoka na vumbi lake, Generosa akabaki amesimama, kitenge kimetoboka, chupa mkononi.

Alipopata usafiri wa kufika Kibondo, dripu ilishaingia nusu. Saa kumi jioni Tharsisi akafungua macho, akaomba uji.

"Nani aliona kwanza?" Aneth akauliza.

Generosa akakunja kitenge, tundu lisionekane.

"Tuliona pamoja," akasema Esteri, anatazama dirishani.

Tharsisi mwenyewe hakukumbuka. Anaukumbuka mzinga wa nne, nyuki wanaunguruma, halafu dripu. Katikati pamekatika. Aneth akamwambia ndivyo ilivyo, kichwa kikikosa sukari hakiandiki kitu. Akamwambia tena hili: ale kwanza, ameze baadaye, atembee na kitu kitamu mfukoni, maana iliyoshuka mara moja inaweza kushuka tena, na mara nyingine haipigi hodi.

Jumapili ya pili, jumuiya ilisali nyumbani kwao, kushukuru. Madawati yakajaa ua wote. Reverien, mwenyekiti wa jumuiya, akampa Tharsisi nafasi ya kusema.

"Ndugu zangu," alisema, "mnanitazama hapa kwa sababu ya mwanamke huyu. Mnamjua mdomo wake." Watu wakacheka. "Lakini angechelewa kidogo, leo mngekuwa mmeshanifukia. Sista amesema asali ndiyo iliyonishika. Na ufunguo wa asali anao nani? Mama Longinus!"

Vigelegele vikapigwa. Reverien akasema, "Mama, na wewe sema neno. Leo tunakupa ruhusa."

Generosa akasimama. Mtu ambaye hakuwahi kukosa neno hata msibani. Akaangalia dawati la nyuma, Esteri amekaa na mwanawe mapajani, mkono una makovu mapya ya miiba. Yule hakumwambia mtu. Wiki mbili nzima, salamu yake ile ile, sauti ile ile, na Generosa kila akiisikia anatamani angetukanwa.

Akauchomoa ufunguo kiunoni, akauweka kwenye kiganja cha mumewe.

"Wa nini huu?" akauliza Tharsisi.

"Kaa nao."

"Nami nikiiba?"

"Kaa nao wewe. Usije ukaniomba tena."

Tharsisi akaugeuza ufunguo, akacheka, akawaangalia watu. "Sikieni mke wangu! Kwani niliwahi kukuomba, mama?"

Uani wakacheka wote. Esteri tu ndiye hakucheka.