Ng'ombe Ambaye Hakuna Aliyemwona

Mimi ndiye niliyemwondoa shangazi yangu kwenye shamba lake. Naandika hivyo mwanzoni kabisa, kwa sababu najua jinsi watu wa mji wanavyosoma. Wakikuta mwanamke wa ofisi anayelinda msitu, wanamwandalia sifa kabla hajafungua mdomo. Sifa wabaki nazo.

Kazi yangu ni kusimamia kilima. Kiko kupita Mumosho, juu ya mto Ruzizi, na si mali ya serikali wala ya shirika lolote. Ni ardhi ya desturi, ya koo zinazokaa pale tangu zamani, ambazo zilikubaliana kuacha sehemu ya juu iwe makao ya wanyama. Kuna komite ya kilima, kuna walinzi, na kuna mimi, niliyeajiriwa na shirika linalowasaidia. Naishi mjini, mtaa wa Nyalukemba, na kila Jumatatu napanda pikipiki kwenda huko. Watu wakisikia hivyo wanadhani nashinda nikitazama ndege. Nashinda nikitoa mitego ya nyaya iliyokaza miguu ya funo mpaka mfupani. Tunafyeka mkanda wa moto kabla ya kiangazi, tunang'oa miche ya mikaratusi inayoota yenyewe kila mahali, tunapaka rangi nyekundu miti ya mpakani. Mwaka wa kwanza walinzi walimkamata mwanamume mwenye mtego, wakamvalisha ule waya shingoni na kumtembeza hivyo mpaka sokoni. Nilipaswa kukasirika. Nilicheka. Kwenye ripoti niliandika kwamba wenyeji wanashiriki vizuri katika ulinzi.

Tatizo la kilima chetu lilikuwa moja. Msitu ulikatika vipande viwili, na katikati, mahali ambapo nguruwe pori na nyani walipita kushukia maji, palikuwa na mashamba ya familia tatu. Wanyama wakipita walikula maharage, na wakila maharage walipigwa mikuki. Dawa tuliijua sote: mashamba yale yahame, msitu urudi, vipande viungane. Nilichora njia hiyo ya wanyama mimi mwenyewe kwenye kompyuta, kwa rangi ya kijani, na nikaipenda kama mtu anavyopenda nguo aliyoishona kwa mkono wake.

Nani ahame, hilo liliamuliwa kwa desturi. Huko kwa Washi, watu wa eneo lile, shamba halipatikani kwa karatasi. Unampa mwenye kilima ng'ombe mbele ya mashahidi, mnakunywa pamoja kasiksi, pombe ya ndizi, na kuanzia siku hiyo shamba ni lako na la watoto wako. Hiyo ndiyo kalinzi. Mwenye kalinzi hatikisiki. Hata mpaka wa wanyama ungepaswa kumzunguka. Asiye na kalinzi amekopeshwa tu, na akiambiwa aondoke baada ya mavuno, anaondoka.

Kalinzi ina masharti mawili ambayo wageni huyaona ya ajabu. Aliyetoa ng'ombe hawezi kujishuhudia mwenyewe, wala mke wake hawezi. Na shahidi haitwi. Ukimtaja jina mbele ya watu, wanasema umemnunua, na neno lake linakuwa takataka. Shahidi husimama mwenyewe au hasimami.

Sasa niseme nilichokiona. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, vita ilipochacha mjini, baba alinipeleka kwa dada yake kilimani, nikakaa huko misimu miwili. Shangazi alinifundisha kupalilia, kumenya mihogo, na kunyamaza askari wanapopita. Msimu wa pili mume wake alitoa ng'ombe kwa ajili ya shamba lile la katikati. Alikuwa jike jekundu mwenye pembe moja iliyopinda kuelekea jichoni. Mimi ndiye niliyebeba bidoni, yaani dumu, ya kasiksi mgongoni kwa kamba ya kichwani, kama wanawake wa kwetu wanavyobeba, na shingo iliniuma siku tatu. Mwenye kilima alikunywa, wazee wawili wakanywa, mume wa shangazi akanywa. Nami nikapewa kidogo, kwa sababu aliyebeba pombe ya kalinzi lazima aionje. Kwa hiyo nilikuwa shahidi. Waliniambia hivyo wakicheka, lakini haukuwa mzaha.

Ng'ombe yule aliporwa na watu wenye bunduki kabla mwaka haujaisha. Mwenye kilima alikufa, wazee wale wawili wakafuata. Mume wa shangazi naye alikufa, akazikwa ndani ya migomba yake, na shangazi akaacha nafasi wazi ubavuni mwa kaburi. Kila mwaka alipanda maharage kote, ila si pale. Hakuwa na watoto. Mtu pekee aliyebaki chini ya jua mwenye kukumbuka ile pembe iliyopinda, mbali na shangazi mwenyewe, nilikuwa mimi.

Komite ilikutana kwenye kanisa dogo la udongo lililo chini ya kilima. Rais wa komite alikuwa mtoto wa yule mwenye kilima wa zamani. Zamani zile yeye alikuwa mbali, Sange, akifanya kazi, kwa hiyo hakuona kitu. Mimi nilikaa kwenye meza ndogo, na kitabu cha mikutano mbele yangu, kwani mimi ndiye niliyekuwa mwandishi. Familia mbili za kwanza ziliitwa asubuhi. Rais aliuliza ni nani aliyeona ng'ombe wao, hakuna aliyesimama, nikaandika hivyo. Mwanamke mmoja alilia mpaka akatapika pale mlangoni. Nilimwambia kwa sauti ya ofisi kwamba desturi ni desturi na haina shangazi wala binamu. Nilisema neno hilo, shangazi, kwa mdomo wangu.

Kisha akaingia yeye. Alivaa kitenge chake cha Jumapili na viatu vya plastiki alivyoviosha njiani. Hakusema mengi.

"Bwana yangu alitoa ngombe," alisema. "Iko amelala mu migomba, na fasi yangu iko pale pembeni yake. Sina maneno ingine."

Rais akauliza, "Nani aliona ile ngombe?"

Shangazi hakunitazama. Alitazama mikono yake, akaikunja, akangoja. Ilikuwa heshima kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa, na niliielewa palepale. Wengi mle kanisani walijua nilikaa kwake nikiwa mtoto. Nao walingoja.

Nisiseme kwamba nilichanganyikiwa. Nilifikiri vizuri kabisa. Nilifikiri kwamba nikisimama, zile familia mbili zitasema msimamizi ana macho kwa ndugu zake tu. Nilifikiri juu ya ile kijani yangu kwenye kompyuta, ambayo ingekatika katikati kabisa. Wakubwa wa shirika walikuwa wanakuja kuiona, na kulikuwa na cheo kilichokuwa kikinisubiri nyuma ya ziara hiyo. Halafu nikajiambia kwamba kunyamaza kwangu ni haki, kwamba sipendelei mtu. Nilijipongeza, jamani. Nilikaa pale nikijiona mtu mnyofu.

Nikaandika: "Hakuna aliyeona ng'ombe." Mwandiko wangu ni mzuri, masista walinipiga sana vidole kwa ajili yake.

Yule mwanamke aliyetapika asubuhi alipiga vigelegele. Simlaumu. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu, na siku ile aliuona ukimwingia mtu wa ukoo wa msimamizi.

Shangazi alipewa muda wa kuvuna maharage. Alivuna, akaacha shamba likiwa limefagiliwa kama mtu anayerudisha chombo cha jirani. Walinzi walikata migomba siku aliyoondoka, naye bado yuko pale na mizigo yake. Walikata kwa furaha, wakishindana nani ataangusha mgomba kwa pigo moja. Nilikuwepo. Nilitakiwa kuhakikisha hawagusi kaburi, nao hawakuligusa. Nililihesabu hilo kuwa wema wangu.

Alikuja kuishi kwangu Nyalukemba, kwani angekwenda wapi? Watu wa mtaa walinisifu: leo ni wangapi wanaomchukua shangazi yao? Nilimpa chumba cha nyuma. Alinishukuru kwa kila sahani ya chakula, kila mara, kwa mikono miwili, na shukrani zile zilinichosha kuliko matusi. Nilianza kuchelewa kurudi nyumbani ili nikute ameshalala. Alipokohoa nilikasirika. Alipotembea kwa miguu mitupu kwenye sementi ili asiniamshe, nilikasirika zaidi.

Siku moja nilikuta amepanda maharage kwenye kile kitanda cha maua mbele ya nyumba, mistari mitatu iliyonyooka. Mwenye nyumba alikuwa amelalamika. Nilitoka na suti yangu ya kazi, nikainama, nikang'oa yote mbele yake, moja moja, na kuyatupa ukutani. Niling'oa kama ninavyong'oa mikaratusi. Alinitazama mpaka nikamaliza.

"Ile siku nilikungojea," alisema.

Nilijua ni siku gani. Nilimuuliza, mikono ikiwa na udongo, kwa nini basi hakuniita.

"Shahidi haitwake. Ningekuita, bangesema nimekununua." Akaokota mche mmoja, akautazama mizizi. "Nilisema mu roho: huyu nililea miye, atasimama."

Aliingia ndani. Sikumwomba msamaha. Nilinawa, nikaenda kazini, na huko nikapewa kile cheo.

Baada ya hapo hakuzungumza tena habari ya shamba, isipokuwa mara moja, msimu wa pili wa mvua, alipokuwa hawezi tena kuinuka. Alinishika kidole kimoja tu, cha shahada, akaniambia nimpeleke kwa bwana yake. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Alikuwa anakufa na mimi nilitaka anyamaze. Lakini alipokata roho alfajiri, neno lile halikuwa rahisi tena. Nilitaka kuitimiza ile ndiyo. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, pamoja na cheo.

Nilimwacha pamoja na wanawake wa mtaa, nikapanda pikipiki kwenda kwa rais wa komite. Tatizo nililijua, maana nililiandika mimi. Katika sheria za kilima kuna kifungu kinachosema hakuna mazishi ndani ya makao ya wanyama, isipokuwa kwa mtu ambaye familia yake ilitoa kalinzi ya mahali hapo. Walitaka kukataza kabisa, na mimi ndiye niliyeshauri waongeze hayo maneno ya mwisho, ili ionekane tunaheshimu wafu.

Nilimkuta rais anakula. Alininawisha mikono, akanipa kiti, akanipa pole ya msiba, pole ya kweli. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kama shahidi anavyosimama. Ng'ombe alikuwa mwekundu. Pembe ilipinda kuelekea jichoni. Baba yake alikunywa wa kwanza. Kasiksi niliibeba mimi na niliionja.

Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaingia chumbani, akatoka na kile kitabu cha mikutano. Alilamba kidole, akafunua taratibu mpaka akafika kwenye ukurasa, akakigeuza upande wangu na kukisogeza juu ya meza, akisukuma sahani kando.

"Maman, soma weye mwenyewe," alisema. "Iko mwandiko ya nani?"

Nilisoma ule mstari, nikamrudishia kitabu.

"Nilikungojea pia ile siku. Batu yote balikungojea. Ungesimama, tungezungusha mupaka, ingeisha." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Sasa unaniambia ulimwona ngombe. Kesho zile familia mbili zitakuja kuniambia bameona yao. Nitabafukuza na nini?"

Nilipiga magoti. Mimi, msimamizi, na suti yangu, kwenye sakafu yake ya udongo. Aliniinua kwa mkono kwa adabu, akaniambia nisijiaibishe, desturi ni desturi na haina shangazi. Hata maneno yenyewe aliyakumbuka.

Tulimzika mjini, kwenye makaburi ya mteremko, mahali ambapo mvua ikinyesha udongo hushuka na misalaba huegemeana. Upande mmoja wake amelala mtu tusiyemjua, na upande wa pili ni mfereji. Watu wa mtaa walisema nimemzika vizuri, sanduku lilikuwa zuri.

Jumatatu iliyofuata nilipanda kilimani. Ilikuwa zamu yetu ya kuhesabu alama za wanyama kwenye ile njia mpya, na njia inafanya kazi, lazima niseme. Miti midogo imeshika, majani yamefunga, mitego imepungua. Mlinzi aliyekuwa mbele alisimama kwenye visiki vya migomba, akaniita kwa furaha nije nione. Pale ubavuni mwa kaburi, kwenye ile nafasi ambayo shangazi hakuwahi kuipanda maharage, udongo ulikuwa laini kuliko kwingine kote, na nguruwe pori walikuwa wamechimba kitanda. Kilikuwa kipana, na bado kilikuwa na joto la mwili nilipoweka kiganja. Nilitoa fomu na kalamu. Nikaandika mahali, saa, aina ya mnyama, na kwenye mstari wa mwisho, panapouliza ni nani aliyeona, nikaweka jina langu.